Mzazi Hakuja Kuona Ghorofa

Nilikuwa nimeandika ratiba ya siku kumi na nne. Nilikuwa nimeibandika kwenye mlango wa friji, kila siku na saa zake: ukumbi wa muziki wa Elbphilharmonie wenye kimo cha mita 110, mnara wa kanisa la Mtakatifu Mikaeli wenye mita 132, maghala ya matofali mekundu ya Speicherstadt ambayo UNESCO iliyaingiza katika urithi wa dunia mwaka 2015, na soko la samaki la Jumapili alfajiri, lililoanza mwaka 1703. Wazazi wangu walikuwa wanatoka Mashewa, chini ya milima ya Usambara, wilayani Korogwe, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kupanda ndege. Niliapa kwamba hawatarudi na deni la kitu ambacho hawakukiona.

Siku ya tatu tulikuwa juu ya Elbphilharmonie, bandari ya Hamburg imetandazwa chini yetu, meli na kreni na makontena mpaka macho yanapochoka. Nikamwuliza Mama anaonaje. Alitazama kwa adabu, kama mgeni aliyewekewa chakula asichokifahamu na hataki kumuudhi mwenyeji. Kisha akauliza, "Nyumba yako iko upande gani?" Nikamwonyesha mashariki, nyuma ya mapaa, haionekani. "Na kazini kwako?" Nako hakuonekani. "Basi tushuke, mwanangu. Mimi nimekuja kuona unapoishi. Nikikuombea, nataka nijue nakuombea ukiwa wapi."

Usiku ule niliibandua ratiba. Ninaandika makala haya kwa ajili ya kila mtoto aliye mbali anayesubiri wazazi wake, awe Hamburg, Muscat, London au Dar es Salaam, kwa sababu nadhani wengi wetu tunakosea palepale nilipokosea mimi. Tunawatembeza wazazi mjini ili mji ututetee. Tunawapandisha kwenye majengo marefu ili yaseme kwa niaba yetu kwamba miaka yote ile ya kutokuwapo nyumbani ilikuwa na maana. Mzazi hakuomba utetezi huo. Alichokuja kuomba ni kidogo na ni kigumu zaidi: aone maisha yako yalivyo, ili akirudi aweze kukuwaza mahali ulipo.

Na tuseme ukweli kuhusu gharama ya kuja kuona. Viza ya muda mfupi ya nchi za Schengen ni ya siku zisizozidi 90, na ada yake kwa mtu mzima ni euro 90, ambazo hazirudishwi ombi likikataliwa. Lazima kuwe na bima ya afya ya angalau euro 30,000. Mwenyeji hutia saini hati ya dhamana kwamba atabeba gharama zote za wageni wake. Na kwa kuwa alama za vidole haziwezi kutumwa kwa posta, Mama na Baba walitoka Mashewa kwa basi la asubuhi, wakala vumbi la njia ya Magoma mpaka Korogwe, wakaunganisha Segera na Chalinze hadi Dar es Salaam, ili mashine iguse vidole vyao. Vidole vya Baba mashine haikuvisoma. Ilimbidi avipanguse, avipashe joto, ajaribu tena na tena. Ujana wake wote alikata mkonge, na mkonge hula ngozi.

Kilichomshangaza Mama ni kuombwa vithibitisho kwamba atarudi. Akapeleka karatasi za shamba, picha za wajukuu na barua ya serikali ya kijiji. "Nani asiyerudi kwake?" aliniuliza kwenye simu. Sikuwa na jibu la kumpa, maana mimi ni miaka tisa sasa sijarudi ila kwa likizo.

Baada ya safari ya namna hiyo, siku za mzazi si za kuchezea. Nilipoacha ratiba, nilianza kuwaachia wao waulize, na mimi nijibu kwa miguu. Ilikuwa mwezi Juni. Baba alikaa dirishani na tasbihi yake akisubiri Maghribi, na jua la Hamburg mwezi Juni huzama karibu saa nne za usiku. Likishazama, mwanga haukatiki. Unabaki pembeni ya mbingu mpaka alfajiri inarudi. "Sasa Isha ni saa ngapi?" Nikamweleza kwamba misikiti ya huku hufuata ratiba iliyokubaliwa na wanazuoni wao, kwa kuwa giza kamili halifiki. Alikaa kimya, kisha akasema, "Kwa hiyo wewe miaka yote hii hujui usiku." Nilidhani anazungumzia Juni tu. Nilipomwambia kwamba Desemba jua huzama saa kumi alasiri, na kwamba ninatoka kazini gizani na kuingia kazini gizani, alinitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama kwenye simu ya video. Hilo hakuna ghorofa ambalo lingemwambia.

Mama yeye aliusoma mji kwa kuinama. Kwenye nyasi za bustani iliyo mbele ya jengo letu alichuma jani, akalivunja, utomvu mweupe ukatoka, akaulamba. "Mchunga huu." Haukuwa mchunga wenyewe, ni mmea ambao Wajerumani wanauita Löwenzahn, yaani jino la simba. Lakini ni wa ukoo mmoja na mchunga wetu wa Tanga, na uchungu wake hauna tofauti kubwa. Baadhi ya wenyeji huula kwenye saladi. Jioni ile tulipika mboga kwa tui la kopo, tukala na ugali, na Baba akaomba nyongeza. Miaka tisa nilikuwa naikanyaga mboga ya kwetu nikienda kituo cha basi.

Kesho yake tulienda supamaketi, kwa sababu Mama alitaka kujua ninanunua wapi chumvi. Karibu na kaunta ya malipo palikuwa na vyungu vidogo vya maua ya zambarau yenye majani manene ya manyoyamanyoya. Kibandiko kiliandikwa Usambaraveilchen. Mama hajui Kijerumani, lakini herufi nane za mwanzo zilimtosha. Akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, mpaka mlipaji aliyekuwa mbele yetu akageuka. Usambara. Mlima ambao tangu aolewe kutoka Handeni ameutazama kila asubuhi anapofagia uwanja.

Ua hilo limetoka kwetu kweli. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mkuu wa wilaya wa Kijerumani pale Tanga, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, mtaalamu wa mimea wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, alilipa jina la kitaalamu la Saintpaulia, kwa heshima ya ukoo huo. Leo liko kwenye madirisha ya dunia nzima, wakati ndugu zake wa porini, wanaoota kwenye miamba yenye kivuli karibu na vijito vya Usambara, wamo hatarini kwa kuwa misitu yake inakatwa. Nilipomsimulia, Mama hakushika majina. Alishika jambo moja: "Huyo naye alikuwa mtoto aliye mbali, akamkumbuka baba yake kwa ua." Niliona haya. Sisi hukumbuka kutuma bati na saruji na ada za shule, na ni wajibu, lakini mara ngapi tunatuma kitu ambacho mzazi hakukihitaji?

Baba alikutana na cha kwake katika duka la vifaa vya wanyama, tulipoingia kukwepa mvua. Palikuwa na nguzo fupi zilizoviringishwa kamba, za paka kunolea kucha. Akaweka kiganja juu ya kamba, akausugua uzi mmoja kwa kidole gumba. "Mkonge huu," akasema. "Singa nzuri." Akaanza kunieleza, pale dukani, mambo ambayo hajawahi kunieleza nyumbani: jinsi majani yanavyokatwa ncha yenye mwiba kwanza, yanavyofungwa matita ya majani thelathini thelathini, jinsi utomvu unavyowasha mikono na shingo, jinsi sauti ya korona, ile mashine ya kuchakata majani, ilivyokuwa ikisikika tangu alfajiri, singa zikitoka upande mmoja na maji machafu upande wa pili.

Nikamweleza na mimi nilichosoma. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ilipitia Hamburg, bandari hii hii, na iliyofika Tanganyika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 ndiyo yakaja mashamba ya Pangani, Muheza na Korogwe, manamba walioletwa kutoka mikoa ya mbali, reli iliyobeba marobota kwenda Tanga, na miaka ya 1960 ambapo nchi yetu iliongoza dunia kwa mkonge, kabla nyuzi za viwandani hazijaushusha bei. Baba alisikiliza mkono ukiwa bado kwenye kamba. "Basi mji huu tunajuana nao," akasema. Tangu siku ile alitembea Hamburg kifua mbele, kama mtu aliyeingia nyumba ambayo aliibebea matofali.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa ile methali inayosema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mwenyeji nilikuwa nimeishi katika mji huu kwa miaka tisa kama mpangaji anayetembea kwa ncha za vidole. Wageni wangu walikaa siku kumi wakanionyesha mboga yangu kwenye nyasi zake, mlima wangu dukani kwake na jasho la baba yangu kwenye kamba zake.

Siku ya kumi na moja Baba aliuliza swali ambalo hakuna kitabu cha watalii kinachoanza nalo: "Watu wa huku wanazikwa wapi?" Nikawapeleka Ohlsdorf, makaburi yaliyofunguliwa mwaka 1877, yenye eneo la karibu hekta 389, kiasi kwamba mabasi ya abiria hupita ndani yake. Baba alishangazwa na miti, akashangazwa zaidi nilipomweleza kwamba kaburi hapa halinunuliwi bali hukodishwa. Muda wa kulala ni miaka 25. Ukiisha na familia isipolipia tena, mahali hapo hupewa mwingine. "Hata maiti ana mwenye nyumba," alisema taratibu.

Nilitaka wamwone mmoja aliyelala pale. Salme binti Said, binti wa Sultani Seyyid Said, alizaliwa Unguja mwaka 1844. Aliondoka kwa siri mwaka 1866 akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete. Wakaoana Aden mwaka 1867, akabatizwa kwa jina la Emily, wakaja kuishi Hamburg. Miaka mitatu baadaye mumewe alifariki kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo katika mji ambao baridi na lugha yake vyote vilikuwa vigeni. Kitabu cha kumbukumbu zake kilitoka mwaka 1886. Alifariki Jena mwaka 1924, na mabaki yake yakaletwa hapa. Inasimuliwa kwamba alizikwa na mchanga wa Unguja aliokuwa ameutunza miaka yote.

Baba alisimama mbele ya jiwe lile, mikono nyuma. "Nani wa kwao alikuja kumwona huku?" Nikamjibu kwamba baba yake alifariki mwaka 1856 na mama yake mwaka 1859, kabla hajaondoka Unguja. Aliporudi kuomba haki yake mwaka 1885, kaka yake, Sultani Barghash, alikataa kumpokea. "Kwa hiyo hakuna aliyejua anakaa wapi," Mama alisema. Ndiyo. Binti wa sultani aliishi Ujerumani miaka mingi, na hakuna mzazi hata mmoja aliyewahi kuketi kwenye kiti chake, kunywa chai kwenye kikombe chake na kusema: nimepaona. Mama aliokota jani kavu lililokuwa juu ya jiwe, akalitupa pembeni, kama mtu anayepangusa meza ya mwenzake.

Njiani kurudi, Baba akaniuliza likinitokea la kutokea wafanyeje. Mungu apishe mbali, lakini ni swali ambalo kila jamii ya Watanzania ughaibuni inalijua kwa michango ya kusafirisha mwili, ile inayopitishwa usiku kwa simu. Nilimweleza kwamba hapa Hamburg kuna makaburi ya Öjendorf yenye sehemu ya Waislamu. Nilimweleza pia kwamba ningependa kulala Mashewa. Tulikuwa hatujawahi kulizungumza. Kwenye simu usingethubutu kuligusa, mtu angedhani unaumwa.

Na lilibaki moja. Kwa miaka tisa nilikuwa nimewaambia kwamba nafanya kazi hospitali. Si uongo mtupu, lakini si kweli. Nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Ninawaogesha, ninawavalisha, ninawalisha, ninawabadilisha nepi, ninakaa nao usiku wanapoita majina ya watu waliokwisha kufa. Mama alipotaka kuona kazini kwangu, nilitafuta sababu tatu za kumzuia, zote zikanikauka mdomoni. Niliomba ruhusa kwa msimamizi, nikapewa saa moja ya alasiri.

Mama aliingia na kanga zake. Kwa kuwa kila aliyekuwamo alimzidi umri, alipita kiti kwa kiti, akiinama kidogo, "Shikamoo. Shikamoo." Hakuna aliyejua kuitikia marahaba. Lakini mzee mmoja ambaye huwa hainui kichwa aliinua, na mwanamke mmoja aliyezidi miaka tisini alishika pindo la kanga, hakuliachia mpaka tunaondoka. Mama alimvua mikono taratibu, kidole kimoja kimoja, kama anavyomwachisha mtoto ziwa. Nilimwona anafanya kwa mikono yake kile ninachokifanya kwa yangu, na nikajua nilikojifunzia.

Barabarani akaniambia, "Mbona ulituficha? Kumwogesha mzazi wa mwenzio si kazi ya aibu." Kisha, baada ya hatua kadhaa, Baba akauliza bila ukali, "Na sisi nani atatuogesha?" Sikujibu. Sina jibu hata leo ninapoandika. Lakini swali hilo sasa liko mezani kwetu wote watatu, na ndugu zangu wa Mashewa wanalijua, na tumeanza kupanga: nani atakaa nao, nani atalipia, mimi nitarudi lini na kwa muda gani. Miaka tisa ya "tuko salama, na nyinyi?" haikutufikisha hapo.

Najua nitaambiwa kwamba wazazi nao ni watu, wanastahili kuona maajabu. Nakubali. Siku moja kabla ya kuondoka tulipita kwenye njia ya zamani ya chini ya mto Elbe, iliyofunguliwa mwaka 1911, mita 426 kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, na Baba aliihesabu kwa hatua, akasimama katikati akatazama juu, akifikiria meli zinazopita kichwani kwake. Alifurahi kama kijana. Sisemi tuwafiche mji. Nasema mji usitangulie. Waanze na kitanda unacholalia, jiko unalopikia, kituo unachosubiria basi, mlango wa jirani unayemgongea ukiumwa. Waone mshahara unaingia kiasi gani na kodi ya nyumba inachukua kiasi gani, ili siku ukisema sina, wajue huna. Waachie nusu siku bila safari. Waachie wapike. Waulizwe wao wanaona nini, maana wana macho ambayo sisi tumeyapoteza.

Na wewe uliye Dar es Salaam, unayemleta mama kutoka Mashewa au Handeni na kumzungusha kwenye maduka makubwa kwa siku mbili halafu unampandisha basi, hili lako pia. Mpeleke Mbagala au Gongo la Mboto unakokaa kweli. Mpeleke kwenye daladala unayogombania. Usimwonyeshe Dar es Salaam ya watu wengine.

Wamerudi Mashewa tangu Julai. Majirani walipokuja kuwapokea na kuuliza Ulaya ikoje, naambiwa Mama hakutaja Elbphilharmonie hata mara moja. Alieleza chumba changu: kitanda kiko ukutani, dirisha linatazama mti mkubwa, basi linasimama mbele ya duka la mikate, nikitoka alfajiri bado taa za barabarani zinawaka. Sasa ananipigia simu kwa kufuata saa zangu. Anajua nikiwa zamu, anajua nikiwa njiani.

Chungu cha ua la Usambara tulilolinunua siku ile kipo dirishani. Alinifundisha kulimwagilia kwenye kisahani, maji yapande kutoka chini, majani yasilowe yakaoza. Jana alipiga, tukasalimiana, akauliza kuhusu zamu, akauliza kuhusu mgongo wangu, na kabla ya kukata akauliza kama leo ua limekunywa maji.